Mwanga wa Mchana Ndani ya Nyumba: Kutoka Kizwite hadi Ghorofa za Mijini

Mtoto mchanga wa siku tatu akilazwa katika chumba chenye dirisha dogo lililozibwa kwa pazia zito, chini ya taa yenye mwanga wa manjano, hata macho yaliyozoea kazi hayawezi kueleza kwa uhakika kama ngozi yake imebadilika rangi. Taa ya aina hiyo hukifanya kila kitu kuwa na umanjano: shuka, ukuta, na uso wa mama mwenyewe. Kwa sababu hiyo muuguzi anayemtembelea mzazi nyumbani, kabla hajauliza lolote kuhusu kunyonya au kitovu, hana budi kuomba ruhusa ya kufungua dirisha.

Katika Kata ya Kizwite, ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, ombi hilo si dogo. Mji uko juu ya uwanda wa Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa Juni na wa Julai upepo ni mkali, na baridi ya alfajiri huingia hadi kwenye mifupa. Mzazi aliyejifungua huwekwa chumba cha ndani, dirisha hufungwa, na jambo hilo hufanywa kwa upendo na kwa sababu ya kweli, kwani baridi huua watoto wachanga. Lakini baridi inapozuiwa kwa kuziba kila upenyo, mwanga nao huzuiwa, na hewa pia.

Wataalamu wa majengo huzungumzia upungufu wa mwanga wa mchana wakiwa na mawazo juu ya ghorofa za miji iliyosongamana, kama Kariakoo jijini Dar es Salaam au Pipeline huko Embakasi, Nairobi. Wana haki. Hata hivyo mwili wa binadamu hautofautishi giza la ghorofa ya kwanza, nyuma ya jengo la jirani, na giza la nyumba ya matofali ya kuchoma yenye dirisha la ukubwa wa sinia. Madhara yake ni yale yale, na baadhi ya tiba zake pia.

Kuliona manjano

Manjano ya mtoto mchanga si homa ya manjano. Majina haya mawili yamewachanganya wazazi wengi, hata wengine wakadhani mtoto wao ameumwa na mbu. Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi. Manjano ya mtoto mchanga hutokana na bilirubini, yaani taka ya rangi ya manjano inayobaki chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Ini la mtoto aliyezaliwa juzi bado ni changa, hivyo huchelewa kuitoa. Kwa watoto wengi hali hiyo huja siku ya pili au ya tatu, hupanda kidogo, kisha huisha yenyewe. Kwa wachache hupanda kupita kiasi, bilirubini ikapenya hadi kwenye ubongo na kuacha uziwi, mtindio wa ubongo au kifo. Mtoto aliyeharibika ubongo kwa njia hiyo hawezi kurudishiwa alichopoteza, ilhali siku mbili kabla angeweza kuokolewa kwa taa maalumu.

Katika ngozi nyeusi umanjano haujitokezi mapema. Mchunguzi humpeleka mtoto karibu na dirisha, au mlangoni akiwa amefunikwa vizuri, akatazama weupe wa macho na ufizi. Kisha hubonyeza kidogo ngozi ya paji la uso au ya ncha ya pua kwa kidole na kuangalia rangi inayobaki kabla damu haijarudi. Mwisho hutazama viganja na nyayo. Manjano yanayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika viganjani na nyayoni wakati wowote, ni dalili ya hatari na mtoto anatakiwa hospitalini siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo mtoto anayelegea, anayekataa ziwa, anayelia kwa sauti nyembamba ya juu au anayepinda mgongo kuelekea nyuma. Ukosefu wa manjano machoni kwa mtazamaji haumaanishi kwamba bilirubini ni ndogo. Kipimo cha damu ndicho kinachokata shauri.

Jambo moja linalosahaulika ni vile vidonge vyeupe vya harufu kali vinavyowekwa kabatini kuzuia nondo na mende. Kwa mtoto aliyerithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, nguo zilizohifadhiwa pamoja na vidonge hivyo vya naftalini zinaweza kuvunja damu yake kwa kasi na kumletea manjano makali. Nguo za mtoto hazihitaji vidonge hivyo. Zifuliwe, zianikwe, zipigwe pasi.

Kilichogunduliwa Rochford

Kwamba mwanga hupunguza bilirubini ni ugunduzi wa muuguzi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, Jean Ward, aliyesimamia wodi ya watoto njiti, alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto nje kwenye jua siku za hali nzuri ya hewa. Siku moja aliwaonesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepauka isipokuwa sehemu moja iliyobaki manjano, nayo ndiyo iliyokuwa imefunikwa na shuka. Baadaye chupa ya damu iliyoachwa juani kando ya dirisha ilipimwa na kukutwa na bilirubini ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Cremer na wenzake walichapisha matokeo yao mwaka 1958, na huo ukawa mwanzo wa tiba ya mwanga inayotumika leo katika wodi za watoto wachanga duniani kote.

Kinachofanya kazi hiyo ni mwanga wa buluu na wa buluu-kijani, wenye urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 460 hadi 490. Ukiifikia bilirubini iliyo ngozini, huigeuza umbo, ikawa inaweza kutoka kwa njia ya nyongo na mkojo bila kusubiri kazi yote ya ini.

Je, basi mtoto mwenye manjano aanikwe juani? Hapa ndipo ushauri mzuri unapogeuka kuwa mtego. Jua lina mwanga huo wa buluu, lakini pamoja nao huja mionzi ya urujuanimno inayounguza, joto linalokausha maji mwilini na, kwa uwanda wa Ufipa, upepo unaompooza mtoto aliyevuliwa nguo. Hakuna anayeweza kupima kipimo cha dawa hiyo. Huko Nigeria watafiti walitengeneza vibanda vyenye karatasi maalumu za kuchuja mionzi mibaya, wakachapisha mwaka 2015 kwamba mwanga wa jua uliochujwa hivyo uliweza kutibu manjano yasiyo makali sana. Lakini watoto wale walikuwa hospitalini, wakipimwa joto na damu. Kumweka mtoto mwenye manjano makali kando ya dirisha nyumbani kwa siku mbili ni kupoteza siku mbili. Mwanga wa dirishani ni wa kumwona mgonjwa. Tiba iko hospitalini.

Dirisha na kifua kikuu

Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani, na hakuna ugonjwa ambao umeunganishwa na giza la nyumba kwa muda mrefu kama huu. Robert Koch, aliyetangaza kugundua vimelea vyake mwaka 1882, alieleza miaka minane baadaye kwamba jua huviua. Kabla ya kupatikana dawa, wagonjwa walipelekwa kwenye milima na kulazwa katika vibaraza vilivyo wazi. Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1926 ikiwa hospitali ya wagonjwa hao, miaka 17 kabla ya streptomaisini kugunduliwa.

Imani hiyo ya zamani ina ukweli ndani yake, lakini ukweli huo umechanganywa na mambo mengine, na mhudumu wa afya ana wajibu wa kuyatenganisha. Mionzi ya urujuanimno huua vimelea. Katika miaka ya 1950, huko Baltimore, Marekani, Richard Riley na wenzake walipitisha hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu katika vizimba vya simbilisi. Walioivuta hewa ile jinsi ilivyo waliambukizwa. Walioivuta baada ya kupita kwenye taa za urujuanimno walisalimika. Jaribio hilo lilithibitisha pia kwamba ugonjwa husafiri hewani. Hausafiri kwa kikombe, sahani wala godoro. Kumtengea mgonjwa vyombo vyake na kuanika blanketi lake kila siku kunamwaibisha bure, huku familia nzima ikiendelea kulala naye katika chumba kimoja kilichofungwa.

Kioo cha dirisha nacho huzuia sehemu kubwa ya mionzi inayoua vimelea. Chumba cha ghorofa chenye ukuta mzima wa kioo kisichofunguka kinaweza kung'aa kuanzia asubuhi hadi jioni na bado hewa yake ikawa ile ile iliyokoholewa jana. Kinachomlinda aliyemo ni dirisha lililo wazi. Rod Escombe na wenzake walipima jambo hili katika hospitali za Lima, Peru, na kuchapisha mwaka 2007: milango na madirisha yakiwa wazi, hewa ya vyumba ilibadilika kwa wastani mara 28 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya vyumba vyenye mashine za kubadilisha hewa. Majengo ya zamani, yenye dari refu na madirisha makubwa, yaliyashinda yale mapya. Wanaosanifu vituo vya afya vyenye dari ya chini na vidirisha vya kuteleza vinavyofunguka nusu wangefaa kuisoma taarifa hiyo.

Kwa familia ya Kizwite yenye mgonjwa aliyeanza dawa, ushauri unaotekelezeka katika baridi ni huu: mchana, jua likiwa limepanda, madirisha na mlango vifunguliwe vyote ili upepo uingie upande mmoja na kutokea mwingine, usiku liachwe wazi walau dirisha moja juu, na mgonjwa alale peke yake katika chumba hicho inapowezekana, hasa majuma ya mwanzo ya matibabu kabla dawa hazijapunguza maambukizi. Blanketi la ziada ni la bei nafuu kuliko mgonjwa wa pili. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya kuota moto wakati wa kulala. Moshi wake usioonekana, kaboni monoksidi, hauna harufu, na aliyelala hapati muda wa kushtuka.

Vitamini D na jua la saa mbili

Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili, wakishinda nje, walipimwa vitamini D, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012: wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita ya damu, kiwango kikubwa kuliko cha watu wengi wa mijini duniani. Ngozi nyeusi, kumbe, inatengeneza vitamini hiyo ya kutosha ikiwa inaliona jua. Upande wa pili, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulieleza matege yaliyosababishwa na upungufu wa vitamini D kwa watoto wa makazi yasiyo rasmi ya Nairobi, mji ulio karibu kabisa na ikweta. Jua lilikuwepo juu ya mapaa. Halikuwafikia watoto.

Mionzi inayotengeneza vitamini D haipiti kwenye kioo cha kawaida. Mtoto anayeoteshwa jua nyuma ya dirisha lililofungwa anapata joto na mwanga tu. Na hata nje, saa ni muhimu. Sumbawanga iko magharibi mwa nchi lakini inatumia saa moja na Dar es Salaam, hivyo jua huchomoza kwake karibu nusu saa baadaye. Mwishoni mwa Juni huchomoza baada ya saa moja asubuhi na kufika juu kabisa karibu saa saba mchana. Saa mbili asubuhi, wakati ambao akina mama wengi hushauriwa kuwaotesha watoto jua, bado limeinama nyuzi 11 tu juu ya upeo wa macho, na mionzi inayotakiwa karibu yote imemezwa na angahewa. Kipimo chepesi ni kivuli: kikiwa kirefu kuliko mwenye kivuli, vitamini D inayotengenezwa ni kidogo. Kwa Juni, kivuli hufupika kuliko mtu kuanzia takriban saa nne na dakika arobaini hadi saa tisa alasiri. Mtoto aliyebebwa mgongoni, miguu na mikono ikiwa wazi, kwa dakika chache katika muda huo anafaidika kuliko aliyekaa saa nzima katika jua la asubuhi. Wala si lazima aangaliane na jua. Macho yake yakingwe.

Ushauri huu una mpaka mmoja usiovukwa. Nguvu ya mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, hivyo jua la Ufipa linaunguza kuliko la pwani ingawa hewa ni ya baridi. Mtu mwenye ualbino hudanganywa na ubaridi huo, na saratani ya ngozi humjia akiwa bado kijana. Kwake mwanga wa mchana unatakiwa uwe wa kivulini: kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua kama Kilisun yanayotengenezwa Moshi. Darasani akae mbali na mwale wa jua, lakini karibu na ubao.

Ikumbukwe pia kwamba si kila matege ni ya vitamini D. Upungufu wa madini ya kalsiamu katika chakula huleta picha hiyo hiyo, na katika maeneo yenye maji ya floridi nyingi mifupa hupinda kwa sababu nyingine kabisa.

Anga inayoonekana kutoka kitandani

Kiasi cha mwanga chumbani hakitegemei ukubwa wa dirisha peke yake. Kinategemea ni sehemu gani ya anga inayoonekana kutoka mahali mtu alipo. Nje, siku ya mawingu, mwanga hufika takriban lax 10,000, na katika jua kali 100,000. Ndani ya chumba chenye taa mara nyingi ni mia chache tu. Aketi mtu kwenye kitanda au meza ya mtoto ya kusomea, atazame dirishani. Akiona anga, mahali hapo pana mwanga wa mchana. Akiona ukuta wa jirani mtupu, anaishi kwa mwanga wa kuazima.

Nyumba ya Kizwite yenye jirani mwenye ukuta wa mita 3, umbali wa mita 3, bado inaliona anga lote lililo juu ya nyuzi 45. Chumba cha chini katika uchochoro wa mita 3 kati ya ghorofa za mita 24 huona anga kuanzia nyuzi 83 kwenda juu, yaani nyuzi 7 kati ya 90. Ndiyo sababu taa za korido huwaka saa sita mchana. New York ilipofikia hali hiyo, sheria ya mwaka 1901 ililazimisha kila chumba kiwe na dirisha na ua wenye upana uliopimwa. Mji Mkongwe wa Zanzibar ulitumia ua wa ndani kwa kazi hiyo hiyo kabla ya sheria yoyote ya namna hiyo. Kizwite bado ina nafasi ya kuchagua, lakini kila chumba cha kupangisha kinachoongezwa uani hadi mpakani mwa kiwanja huziba dirisha la mtu.

Anayejenga leo Sumbawanga ana msaada mmoja wa bure. Mji uko takriban nyuzi 8 kusini mwa ikweta, na katika miezi ya baridi jua la mchana hupita upande wa kaskazini, nyuzi kama 58 juu ya upeo wa macho. Dirisha la kaskazini ambalo kingo yake ya juu iko mita 2 kutoka sakafuni, bila kivuli cha upenu, huingiza mwale zaidi ya mita moja ndani ya chumba mwezi Juni, na Desemba, jua likiwa limehamia kusini, haliingizi kabisa mwale wa adhuhuri. Chumba cha mzazi, cha mgonjwa au cha mzee kingefaa kuwa upande huo. Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa, bati moja la plastiki linalopitisha mwanga juu ya korido, ukuta wa ndani uliopakwa chokaa nyeupe, na kuondolewa kwa kabati lililosimamishwa mbele ya dirisha huleta mabadiliko yanayoonekana siku hiyo hiyo.

Wazee wanahitaji mwanga huo kuliko wanavyodhaniwa. Nyuma ya jicho kuna chembe ambazo kazi yake kubwa si kuona. Hupima mwanga na kuuarifu ubongo kama ni mchana au usiku, nao hupanga kutolewa kwa homoni ya usingizi, melatonini. Mzee anayeshinda chumba chenye giza husinzia mchana, hukesha usiku, na hatimaye hupewa dawa za usingizi zinazomwangusha akienda chooni. Kabla ya kuandika dawa hiyo, tabibu anaweza kuuliza mzee hushinda wapi, na kama kiti chake kinaweza kuhamishiwa barazani baada ya chai ya asubuhi.